Klinka, bidhaa ya kati inayoweza kupotosha bei ya simenti

KALEMIE – Jimbo la Tanganyika lina simenti yake, inayotengenezwa Kabimba, kusini mwa muji wa Kalemie, kando ya ziwa. Lakini kujua mfuko mmoja wa kilo 50 unagharimu kiasi gani kuutengeneza si jambo rahisi. Ugumu uko katikati, kwenye bidhaa ambayo mnunuzi haioni: klinka.

Klinka ni vitonge vigumu vya kijivu vinavyotoka katika tanuru baada ya mawe ya chokaa na udongo kusagwa, kisha kuchomwa kwa moto wa karibu digrii 1450. Baadaye vinasagwa pamoja na jasi kidogo, na hapo ndipo simenti inapatikana. Klinka si malighafi tena, na bado si simenti. Inaweza kusagwa kesho, kurundikwa kwa miezi, ao kuuzwa kwa kiwanda kingine.

Ndiyo sababu programu za hesabu za viwanda huipa mapishi yake peke yake. Mapishi ya kwanza ni ya klinka: mawe, udongo, makaa na umeme. Ya pili ni ya simenti: kwa tani moja ya simenti isiyochanganywa, karibu kilo 950 za klinka na kilo 50 za jasi.

Anayeruka hatua hiyo anapotea haraka. Chokaa ikichomwa, sehemu ya uzito wake inatoka kama gesi. Tani moja ya klinka inakula karibu tani moja na nusu ya mawe na udongo. Mwenye kuandika kilo 950 za mawe anasahau theluthi nzima ya gharama hiyo. Mwingine anaandika klinka, kisha anaongeza tena mawe na makaa yaliyoitengeneza: gharama moja inahesabiwa mara mbili.

Hatari kubwa iko mwisho wa mwezi. Tuseme kiwanda kimechoma tani 10 000 za klinka na kusaga 6 000 tu. Tani 4 000 zilizobaki zisipoandikwa kama akiba, gharama yote ya moto inabebeshwa mifuko ya mwezi huo, na simenti inaonekana ghali kuliko ilivyo. Mwezi unaofuata tanuru likizimwa kwa matengenezo, rundo hilo linasagwa kana kwamba ni la bure. Faida inayoonekana ni ya uongo.

Sheria nayo inatenganisha. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na mfumo wake wa uhasibu, SYSCOHADA, unaweka malighafi kwenye konti 32, bidhaa zilizokamilika kwenye 36, na bidhaa za kati kwenye 37.

Kwa mwenye kujenga nyumba Kalemie, hayo si mambo ya ofisini tu. Kiwanda kinachokosea hesabu ya klinka kinaweza kupandisha bei bila sababu, ao kuuza kwa hasara hadi kifunge milango. Hapo mjenzi atabaki akingojea simenti inayovuka ziwa.