Baraza la Chatu

Mgeni mmoja alikaa nasi jioni ya Jumamosi, akanywa kahawa yetu, akala kashata, akapiga picha mlango. Baadaye akaandika kwamba waandishi wa programu wa Unguja ni watu wakarimu, ila hawana utaratibu. Dosari alizihesabu tatu. Tunachelewa kuanza. Tunasalimiana kupita kiasi. Na mzungumzaji akimaliza na kuuliza nani ana swali, ukumbi mzima unanyamaza kama uliomwagiwa maji. Hii ya tatu ndiyo iliyomsikitisha zaidi. Aliona hatujaelewa kitu.

La kuchelewa ni kweli, tulipite.

Kwanza niseme sisi ni nani. Ni watu kama ishirini, mara thelathini, mara saba masika yakishika, tunaokutana Mji Mkongwe kuzungumzia Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Wamo wanafunzi wa chuo, walimu wa skuli, mhasibu wa hoteli aliyechoka kujumlisha kwa mkono, na mimi. Majirani wanatuita watu wa chatu. Tafsiri hawakuikosea, ingawa Guido van Rossum, Mholanzi aliyeianza lugha hii mwishoni mwa 1989 na kuitoa 1991, hakuwa na nyoka kichwani; jina aliliazima kwa wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Tumelieleza hilo mara nyingi na chatu amebaki pale pale. Ametusitiri lakini, maana mwanzo tulikuwa tukiulizwa tunafanya nini, tunajibu tunaandika kodi. Vijana ndivyo wanavyouita msimbo wa kompyuta. Mtaani, mtu anayeandika kodi ni mtu wa serikali aliyekuja kudai fedha. Duka la jirani lilifungwa mapema Jumamosi mbili mfululizo kabla hatujajua sababu.

Sasa salamu. Kwetu mtu hakai kitako kabla hajampa mkono kila aliyemkuta, au kuweka mkono kifuani kama wa mbele yake ni mwanamke asiyepeana mkono. Masalkheri, Maalim. Masalkheri, mwanangu, za tokea juzi? Nusu ya waliomo wamesomeshwa na nusu nyingine, kwa hiyo shikamoo zinapishana kama daladala. Mgeni wetu alizipigia saa: dakika ishirini na tano. Asichokisikia, kwa sababu Kiswahili hana, ni yale majibu. Mtu akikwambia "nzuri" na akanyamaza, mambo yake yanakwenda. Akikwambia "nzuri, ila", basi lipo jambo. "Nzuri, ila ile programu ya risiti imenikesheza." Mwenye kuendesha kikao anazunguka akisalimia na huku anaokota hizo "ila" moja moja, na mpaka amefika mwisho wa safu ameshajua nani amekwama wapi, nani amuweke karibu na nani. Wengine wanaandika ajenda kwenye karatasi. Yetu inapangwa kwa salamu.

Na hili la maswali. Ukimuuliza mtu swali mbele ya watu thelathini, hujamuuliza, umempima. Kijana anayesimama kwa mara ya kwanza, mikono inatetemeka, projekta inamulika nusu kwenye shuka na nusu kwenye shavu lake, ukamrushia swali asilolijua, umemvua nguo mbele ya maalim wake. Kwa hiyo tunamshukuru, tunamuombea dua, tunanyamaza. Kimya kile kina adabu, na kina subira ndani yake, kwa sababu kila mmoja anajua swali lake atalipeleka wapi. Atalipeleka barazani.

Nyumba tunayokutania ni ya kale, ya mawe, na nje yake pande zote mbili za mlango pana baraza, vile vikalio vya mawe na chokaa vilivyolainishwa na vizazi vya watu waliokaa kungojea mtu, habari, au upepo. Miaka ya mwanzo, hotuba ikimalizika watu walikuwa wakitoka. Ekstensheni ilipitishwa dirishani. Muuza kahawa anajua saa zetu; unamsikia kabla hujamuona, anagonganisha vikombe vyake kwa mkono mmoja, dele lenye makaa chini yake liko mkono wa pili. Kahawa ni chungu, kikombe ni kidogo, na ndio maana mtu hanywi kimoja. Laptopu inatoka paja hili inakwenda paja lile. Hapo ndipo maswali yanapokuja, na yanakuja kwa mlango wa nyuma: "Hebu, yakhe, ule mstari wako wa tatu, mimi nilidhani..." Mwenye kuulizwa akiwa hajui, anapuliza kahawa, na mwingine analidaka.

Nitatoa kisa kimoja ili nieleweke. Kijana mmoja aliandika programu ya msikiti wa mtaa wao, ya kupanga nani atasalisha tarawehe usiku gani mwezi mzima wa Ramadhani. Kila jambo sawa, isipokuwa ratiba yote ilikuwa imechelewa kwa siku moja. Alihesabu mistari, akabadilisha nambari, akaongeza moja hapa na kupunguza moja pale, na usiku wa kwanza ukakataa kukaa mahali pake. Laptopu ilizunguka baraza zima. Mwisho wa baraza hukaa mzee wa mtaa ambaye hajui Python wala hana haja nayo. Anakuja kwa kahawa na kwa sababu baraza lilikuwa lake kabla halijawa letu. Akauliza hicho chombo kinabadilisha siku wakati gani. Akaambiwa saa sita za usiku. Mzee akacheka. "Siku yenu inaingia usiku wa manane, kama mwizi?"

Kosa likaonekana pale pale. Siku yetu inaingia Magharibi. Usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaofuata Alhamisi jioni, na tarawehe ya kwanza husaliwa kabla ya mchana wa kwanza wa kufunga. Python inafuata hesabu ya Kizungu na haina lawama. Lawama ni ya aliyesahau kuifundisha. Kijana akaongeza mistari minne: saa ikishapita Magharibi, siku iwe ya kesho. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, Magharibi yetu haipishani sana mwaka mzima, hata mtu akiwa mvivu wa kuikokotoa anaweza kuiandika kwa mkono, mwezi kwa mwezi. Kisha mwengine akamwambia, na ukitaka mzee aisome ratiba, toa saa sita kwenye kila saa, na ikizidi kumi na mbili utoe kumi na mbili nyingine, usimuandikie kumi na tisa na nusu akadhani ni bei. Haya yote yangeulizwa ukumbini kwa mkono ulionyooshwa? Mzee angekuwa ukumbini?

(Kompyuta, kwa taarifa yenu, hazina saa za Zanzibar. Tunachagua Dar es Salaam, nayo kwenye orodha ya saa za dunia imeunganishwa tu na Nairobi. Tumeshazoea.)

Mambo mengine ya vikao hivi siyapendi wala siyachukii. Vibandiko vya kubandika kwenye laptopu, vyeti, picha ya pamoja, mashindano ya kuandika programu usiku kucha ambayo hakuna aliyewahi kuiona programu yake baada ya wiki: hayo kila mji unayo.

Ninachokipenda ni lugha. Maandishi ya ukutani yanakuwa ya Kiingereza na maelezo yanatoka kwa Kiswahili, na katikati pale mzungumzaji anatafuta neno huku wote tunamtazama, kama anayevuka mtaro amebeba sinia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, mwaka 2004, kwa hiyo njia ilishaanza kulimwa. Sisi tunaendeleza kwa ubishi. Programu inaporudia jambo lile lile, kwa Kiingereza inaitwa kwa jina la kitanzi. Ukisema kitanzi Unguja, watu wanamfikiria aliyehukumiwa. Maalim mmoja alikataa kata kata: hawezi kuwaambia watoto kwamba kitanzi chao hakina mwisho. Tukaafikiana na mzunguko. Ubishi ule ulikula kikao kizima, na wanafunzi waliokuwepo hawatasahau namna mzunguko unavyofanya kazi mpaka kufa kwao.

Na kuna desturi iliyotokana na kiza. Umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa miezi mitatu bila. Wengi wetu tulikuwa wanafunzi wakati ule. Mpaka leo kwetu anayekuja kuzungumza lazima aweze kuzungumza projekta ikizima. Tukiona hawezi, tunajua maneno si yake.

Novemba 2023 dunia ilikuja kwetu. DjangoCon Africa, mkutano wa kwanza barani wa watumiaji wa Django, ulifanyika Zanzibar. Django ni kifaa cha kujengea tovuti kwa Python. Kilizaliwa kwenye ofisi ya gazeti, mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, kikatolewa bure kwa kila mtu 2005, na jina ni la mpiga gitaa Django Reinhardt. D yake haitamkwi, kwa hiyo sisi tunaosema Jango tulikuwa sahihi tangu awali. Wageni waliipenda bustani ya Forodhani, waliupenda mchuzi wa urojo, na wengine walipotea vichochoroni wakafurahi kupotea. Mimi nilikwenda na swali langu moja. Django katika hali yake ya kawaida inampa mtumiaji nafasi mbili za jina, la kwanza na la ukoo. Sisi hatuna la ukoo. Nina langu, la baba, na la babu, na fomu inachukua la kwanza na la mwisho, matokeo yake barua pepe zinamwandikia babu yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa, kumkumbusha kwamba nywila yake inakaribia kwisha muda. Swali hili sikuliuliza ukumbini. Nililiuliza kwenye foleni ya chai, na mtu aliyekuwa mbele yangu akageuka, akaniambia kwao ni hivyo hivyo, na akanionyesha kwenye simu namna ya kuweka mtumiaji wa kwako mwenyewe mwanzoni kabisa mwa mradi, nafasi ya jina ikawa moja, ndefu, mtu ajaze atakavyo. Foleni ile ilikuwa baraza. Kwa hiyo wageni nao wanalo, ila hawajalipa jina.

Nimelisifu baraza, na sasa lazima niseme linaloniuma. Baraza la nje ni la wanaume. Hakuna sheria iliyoandikwa, na hakuna atakayekufukuza. Wewe mwenyewe tu unajua. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikisikia maswali mazuri yote yakipita dirishani wakati sisi wanawake tumebaki ndani tunakunja shuka la projekta. Hapa mgeni wetu angekuwa na haki ya kutulaumu, na ndipo hapa hakuona kitu. Waliotuamsha ni Django Girls, mafunzo ya siku moja ya bure kwa wanawake wasiowahi kuandika programu, yaliyoanzia Berlin 2014 na kuenea mabara mengi. Baada ya hapo tulilihamishia baraza dakani, pale baina ya mlango wa nje na wa ndani, ambapo nyumba za kale zina vikalio vya mawe vile vile. Wanaume wanakaa upande wa mlango, sisi upande wa ua, laptopu inapita katikati. Muuza kahawa alisitasita wiki mbili kuingia. Mzee hakusitasita hata siku moja. Na kikao kinamalizika kabla ya Magharibi, ili kila binti aondoke na jua. Ukiona tunachelewa kuanza, ujue kumaliza hatuchelewi.

Haya ndiyo yanayoondoka sasa, na si kwa sababu ya yule mgeni. Makosa hayaji tena. Zamani mtu alilibeba kosa lake wiki nzima, akalifungua Jumamosi mbele yetu kama anayefungua kikapu cha samaki. Siku hizi anaiuliza akili mnemba usiku huo huo, akiwa kitandani, nayo inamjibu kwa adabu, anakuja Jumamosi yuko mzima. "Za tokea juzi?" Nzuri. Nzuri. Nzuri. Hakuna "ila". Mwendeshaji anazunguka safu nzima na kurudi mikono mitupu, hotuba inasomwa, watu wanatazama simu, kahawa inapoa. Na sijui ile mashine ingemjibu nini kijana wa tarawehe. Pengine ingemjibu vizuri. Lakini mzee asingejua kwamba kompyuta ina siku yake, na sisi tusingecheka.

Jengine ni Fumba, nje ya mji. Tangu serikali ilipotangaza mpango wa Silicon Zanzibar mwaka 2022, wa kuvuta kampuni za teknolojia, kazi na vijana wanaelekea huko, na siwalaumu. Mshahara haupatikani barazani. Mwezi uliopita mwendeshaji wetu alinipigia kuniambia tumepewa ukumbi huko, bure, una kiyoyozi, skrini ukuta mzima, na intaneti isiyokatika. Vikao vitaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, watu wakishatoka kazini.

Nikamwambia saa hizo ni Magharibi. Akasema pana mahali pa kusalia. Nikamuuliza mabinti watarudi mjini na nini. Akasema atauliza habari ya gari. Nikamuuliza je, nje pana baraza?

"Baraza hapana, dada," akasema. "Ila viti vyake vinazunguka."