Faini Ikishalipwa, Nani Atamlipa Majeruhi?

Barabara ya Mombasa–Malindi hupita katikati ya Mtwapa, Vipingo, Kilifi, Matsangoni na Gede, mahali ambapo watoto huvuka kwenda shule na akina mama huuza bidhaa hatua chache kutoka kwenye lami. Hata hivyo, bado wapo madereva wanaosema, "Ikiwa ni kosa, nitalipa faini tu." Makala haya yanaeleza adhabu zilizo katika sheria na kwa nini faini huwa ni mwanzo tu wa gharama.

Kuendesha ukiwa umelewa

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki (Sura ya 403) kinamhusu mtu yeyote aliyelewa pombe au dawa za kulevya hadi asiweze kumudu gari ipasavyo. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Sheria haichagui kinywaji: mnazi wa mangweni ni pombe sawa na bia ya hotelini. Haichagui chombo pia, kwani pikipiki na tuktuk zote ni vyombo vya moto. Si lazima uwe umeondoka. Kujaribu tu kuendesha ukiwa katika hali hiyo ni kosa.

Dereva akisababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari, kifungu cha 46 kinaruhusu mahakama kumfunga hadi miaka 10.

Bima iliyokwisha muda

Sheria ya bima ya magari (Sura ya 405) inakataza kutumia gari barabarani bila bima ya kulinda watu wengine. Adhabu ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wengi hulinganisha faini hiyo na bei ya bima, wakaona heri kubahatisha. Hesabu hiyo ina kasoro.

Bima ikiwa hai, kampuni hulipa fidia iliyoamuliwa na mahakama, hadi Sh3,000,000 kwa kila mtu aliyeumia au kufariki. Bima ikiwa imekwisha, hata kama ni jana, deni hilo humwangukia dereva na mwenye gari. Shamba, nyumba au pikipiki yenyewe inaweza kuuzwa ili kulipa. Iwapo hana cha kuuzwa, familia ya majeruhi hubaki na hukumu ya mahakama mkononi na bili ya hospitali isiyolipwa.

Mwenye boda boda anayempa kijana pikipiki ilhali bima imekwisha ana kosa pia, kwa sababu sheria inamtaja anayeendesha na anayeruhusu. Tena, chombo kinachobeba abiria kwa malipo lazima kiwe na bima inayomlinda abiria huyo. Bima ya matumizi ya binafsi haitoshi.

Makosa madogo na faini zake

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zimeweka viwango hivi:

- Kutofunga mkanda: Sh500
- Kuendesha pikipiki bila vifaa vya kujikinga: Sh1,000
- Kubeba abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki: Sh1,000
- Kutobeba leseni: Sh1,000
- Kutumia simu ukiendesha: Sh2,000
- Kutotii alama za barabarani: Sh3,000
- Kuendesha gari kwenye njia ya wanaotembea kwa miguu: Sh5,000
- Kuzuia njia: Sh10,000
- Kuzidisha kasi kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa: Sh500, kilomita 11 hadi 15: Sh3,000, kilomita 16 hadi 20: Sh10,000

Kumbuka kwamba ndani ya miji na vituo vya biashara kasi ya juu ni kilomita 50 kwa saa.

Ukikamatwa

Katiba, kifungu cha 49, inakupa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa. Ukizuiliwa, ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa muda huo umeangukia wikendi au sikukuu. Faini haikabidhiwi afisa barabarani. Hulipwa kwa utaratibu wa mahakama na unapewa risiti. Ukiombwa hongo, piga ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), ambayo ina ofisi mjini Malindi.

Ajali ikitokea

Dereva lazima asimame, na ajali iliyomjeruhi mtu iripotiwe polisi mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita. Majeruhi au jamaa zake waandike nambari ya gari, wapige picha ya stika ya bima, wachukue abstrakti ya polisi na kuweka stakabadhi zote za hospitali. Kesi ya kudai fidia ya majeraha hufunguliwa ndani ya miaka mitatu.

Kabla ya kuwasha chombo chako leo, tazama tarehe iliyo kwenye stika. Nawe abiria, una haki ya kuitazama kabla ya kupanda.