Mlima Ambao Haukutema Moto

"Mzee, na mlima huu nao ulitema moto?"

Nilimuuliza hivyo kiongozi wetu kijijini Chome, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukiwa bado tunafunga kamba za viatu. Hakunijibu. Alitoa mfukoni sumaku ndogo iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu, akatupeleka kwenye kijito kinachokatiza njia, akaichovya mchangani. Ilipotoka ilikuwa imeota manyoya meusi.

"Twende," alisema. "Jibu tutalikuta njiani."

Tulikuwa tunapanda Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, ndani ya hifadhi ya msitu wa Chome. Abiria wengi wanaopita Same kwenda Moshi huidhani milima hii kuwa wadogo zake Kilimanjaro. Ni rahisi kudhani hivyo, maana majirani hawa wanatazamana. Lakini Kilimanjaro ulianza kujijenga takribani miaka milioni 2.5 iliyopita, zaha ikimwagika juu ya zaha. Mawe ya Upare yana zaidi ya miaka milioni 600. Yalipikwa makumi ya kilomita chini ya ardhi, mabara ya kale yalipokuwa yakigongana na kuungana kuwa bara kubwa la Gondwana. Joto na mgandamizo viliyabana na kuyapanga upya yakiwa bado magumu, ndiyo maana huitwa miamba geu. Ukanda huohuo wa miamba ndio uliotupa tanzanite ya Mirerani.

Ushahidi uko miguuni. Mahali maji yalipochubua njia, mwamba una mistari myeusi na myeupe iliyopinda kama ukili wa mkeka. Ulanga unametameta, na hapa na pale kuna vidonge vyekundu vya ganeti, ambayo ni madini ya vito. Kwenye zaha ya Kilimanjaro hutaikuta mistari hiyo. Zaha iliyopoa husinyaa na kupasuka, na mara nyingi huwa na matundu yaliyoachwa na gesi. Nilikuwa nimesoma haya yote darasani miaka mingi iliyopita, lakini siku hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyaelewa, kiganja changu kikiwa juu ya jiwe.

Tulipopata uwazi kwenye miti, mzee alinyoosha fimbo kuelekea magharibi. Mlima unaanguka ghafla, kisha uwanda wa Pangani unatandaa, mkavu, wenye rangi ya majani yaliyoungua. Ardhi ya Afrika Mashariki inavutwa, na inapovutwa hukatika. Hapa vipande vya ardhi vilikatika, kimoja kikazama na kuwa bonde, kingine kikabaki juu na kuwa Upare. Kwingineko nyufa za mvutano huohuo zilifungulia njia uji wa moto ulioko chini, zikazaliwa volkeno. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, umelala, ingawa kreta yake bado hutoa gesi ya salfa. Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, haujalala. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, na zaha yake ni ya ajabu duniani: hutoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya joto la zaha ya kawaida. Hutiririka ikiwa nyeusi, na baada ya siku chache hugeuka nyeupe.

Msituni hatukuzungumza sana. Ukungu ulikuwa unadondoka kutoka kwenye majani ya miti. Unyevu huu hutoka Bahari ya Hindi, na umeilisha misitu ya safu hii ya milima ya kale, kutoka Taita hadi Udzungwa, kwa muda mrefu mno, hata viumbe vikapata nafasi ya kugeuka na kuwa vya hapa peke yake. Kinengenenge wa Upare Kusini, ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, haishi popote pengine duniani. Tuliwasikia. Mmoja alijitokeza, akapotea.

Kileleni, mawingu yalipoachana, Kibo ulionekana kwa dakika chache. Hapo ndipo mzee alipoitoa tena sumaku yake. Yale manyoya meusi, alieleza, ni chembe za madini ya chuma zinazobaki mtoni mwamba unapooza na mvua kuchukua vilivyo vyepesi. Wazee wa Upare walikusanya mchanga huo na kuuyeyusha kwa makaa na mivukuto. Wahunzi wa ukoo wa Washana, kule Ugweno, walisifika kwa kazi hiyo, na Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wateja wao. Niliutazama tena ule mlima mkubwa uliozaliwa na moto. Watu wake walipotaka jembe, walilifuata huku.

Milima ya Upare bado inatembea, na anayeisogeza ni maji. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mteremko uliporomoka Mamba Miamba, kule kwenye mashamba ya tangawizi, ukaua watu zaidi ya 20. Mzee aliposimulia alivua kofia. Udongo unaotokana na mwamba uliooza ni mzito, na ukishiba maji kwenye mteremko mkali usio na mizizi ya kuushika, huteleza wote kwa pamoja.

Wapare wameyajua maji hayo siku nyingi. Tulipokuwa tukishuka jioni tulipita kando ya ndiva, bwawa la jadi lililojengwa kwa mawe na udongo. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku kucha, asubuhi hufunguliwa kwa zamu yaende mashambani. Mwanamume mmoja alikuwa ameinama akiziba tundu la kutolea maji. Mzee alimsalimia Kipare, kisha akanipa sumaku. Niliichovya kwenye tope la mdomo wa mfereji. Ikatoka nyeusi.