Jenereta ya boti Ziwa Nyasa: Pima mzigo kwanza, bei baadaye

Mfanyabiashara anayeteremka kutoka Mbinga kununua usipa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, na kulala humo humo botini, huanza kwa kuuliza bei ya jenereta. Ni mapema mno.

Aanze na mzigo. Taa 6 za LED za wati 10 zikiwaka saa 10 hutumia wati-saa 600 tu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Nusu yake yatosha usiku kucha, na paneli ya jua huirudisha mchana. Hapo jenereta ni fahari, na petroli yake hula faida.

Akiweka friza, hesabu hubadilika. Mota ikianza kuzunguka huweza kuvuta mara 3 ya umeme wake wa kawaida au zaidi, hivyo mashine ya kVA 1, yaani takriban kilowati 0.8, huenda ikazidiwa. Ijaribiwe ikiwa na mzigo, si ikinguruma bure dukani. Ya dizeli hudumu, ila kwa boti ya tanga ni nzito.

Moshi ndio unaoua: kaboni monoksaidi haina harufu. Boti iliyotiwa nanga kwa mbele huelekeza omo kwenye upepo, basi jenereta ikae nje, tezi. Chumbani kamwe, hata mvua ikinyesha.