Mashujaa na Majasusi Katika Mikoba ya Watoto Wetu



Likizo za shule zikifika, vitabu vya katuni huingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi. Watoto huazimana, na wengine huvisoma katika simu za kaka zao. Wako wazazi wavichanao, na wako waonao kuwa ni heri mtoto asome chochote kuliko kushinda mbele ya televisheni. Aghalabu pande zote mbili huwa hazijavisoma. Juma hili tumevifungua wenyewe, na haya ndiyo maoni yetu.

Tuanze na Ms. Marvel, mfululizo ulioanza kutoka mwaka 2014. Shujaa wake, Kamala Khan, ni binti Mwislamu wa miaka 16 aishiye Jersey City, Marekani, na wazazi wake ni wahamiaji kutoka Pakistan. Mwandishi wa mwanzo wa mfululizo huo, G. Willow Wilson, ni mwanamke aliyesilimu. Mwaka 2015 juzuu ya kwanza ilipata Tuzo ya Hugo.

Kamala anapojaaliwa uwezo wa kubadili umbo, umbo la kwanza analolivaa ni la mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za rangi ya dhahabu, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kumwona shujaa. Baadaye hutambua kuwa aweza kuokoa watu akiwa na sura yake mwenyewe. Katika miji yetu, ambamo mabinti huchubua ngozi walizopewa na Muumba wao, funzo hilo si dogo.

Kasoro zimo. Binti huyo hutoroka usiku kwenda karamuni baada ya kukatazwa na baba yake, na huwaficha wazazi siri nyingi. Lakini wazazi wale hawachorwi kama madhalimu; ni watu wenye mapenzi na hofu juu ya mtoto wao. Wanapompeleka kwa sheikh wa msikiti, naye akitarajia kukaripiwa, sheikh anamsikiliza na kumnasihi awe mkweli, jasiri na mwenye huruma. Twawashauri kina mama wasome sehemu hiyo pamoja na binti zao, kisha waulize: kwa nini hakuweza kusema nyumbani?

Cha pili ni The 99, kilichoanzishwa na Naif Al-Mutawa wa Kuwait mwaka 2006. Kisa chake chaanzia katika maktaba ya Baghdad iliyoangamizwa na Wamongolia mwaka 1258, ambayo elimu yake yasimuliwa kuwa ilihifadhiwa ndani ya vito 99. Mashujaa wake ni vijana wa mataifa mbalimbali, na hushinda kwa kushirikiana. Hata hivyo, kuna wanazuoni walioukataa kwa kuwa wahusika wake wamefungamanishwa na Majina Matukufu ya Mwenyezi Mungu. Nasi twaona hoja hiyo ina uzito. Mzazi na amuulize mwalimu wa madrasa kabla ya kukinunua.

Ama katuni za majasusi, hapo twasita zaidi. James Bond alianza kuchorwa katika gazeti la Daily Express la Uingereza mwaka 1958, na tangu hapo mtindo haujabadilika sana: uongo huitwa werevu, mwanamke hufanywa chambo, na kuua huwa kama mchezo. Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat aya ya 12, inatukataza kupelelezana aibu. Lakini historia yetu yajua pia upelelezi wa haki. Katika Vita vya Handaki, Hudhayfa bin Al-Yaman (R.A.) alitumwa na Mtume (S.A.W.) kwenda kuleta habari za kambi ya maadui, naye akaamrishwa asiwachokoze. Alipata nafasi ya kumpiga Abu Sufyan kwa mshale, akaikumbuka amri, akajizuia. Huo ndio ushujaa ambao Bond haufahamu.

Wala tusidhani kuwa mashujaa ni bidhaa ya ng'ambo. Fumo Liyongo wa pwani yetu, ambaye utenzi wake ulitungwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913, alivunja pingu kwa tupa aliyoletewa ndani ya mkate uliookwa na mama yake. Naye hakushindwa na jeshi. Aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa mkono wa mwanawe mwenyewe, aliyetumwa na maadui kuichunguza siri yake. Shujaa na jasusi wamo katika kisa kimoja, na usaliti hauna sifa ndani yake. Vijana wetu wenye vipaji vya kuchora wanangojea nini?

Ndugu wazazi, tusiwe majasusi wa mikoba ya watoto wetu. Mtoto apekuliwaye hujifunza kuficha vyema zaidi. Tuketi naye baada ya Isha, tusome kurasa mbili tatu, tumuulize nani amedhulumiwa, nani amesema uongo, na yeye angefanya nini. Kitabu kisichofaa kitajifichua chenyewe mbele ya maswali hayo, na mtoto atakiweka kando kwa hiari yake.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Wabillahi tawfiq.