Fahamu: Nani hulipia intaneti ya shule za vijijini Kenya?

Mwalimu wa fizikia anaweka simu yake dirishani, pale tu mtandao unaposhika, na darasa zima linasubiri video ifunguke kwa bando alilonunua mwenyewe. Mzigo huo haukupaswa kuwa wake. Kenya ina Mfuko wa Huduma kwa Wote: kampuni za mawasiliano zenye leseni huuchangia asilimia 0.5 ya mapato ghafi ya mwaka, nayo Mamlaka ya Mawasiliano huusimamia. Fedha zake zimeunganisha zaidi ya shule 800 za sekondari za umma. Ila kufunga mitambo ni kazi ya mara moja, bili huja kila mwezi. Ufadhili ukikoma na karo zikichelewa, intaneti ndiyo hukatwa kwanza.