Kabla ya kulipia Charger ya Marekani, angalia namba ya chesisi

Kiwanda cha Brampton, katika jimbo la Ontario nchini Canada, kiliacha kutengeneza gari aina ya Dodge Charger SRT Hellcat mwezi Desemba 2023. Tangu hapo, karibu kila gari la aina hiyo linaloingia sokoni ni lililokwisha kutumika. Anayelinunua Marekani kwenyewe, au kwa wauzaji wa Dubai na Sharjah, analichukua pamoja na historia yake yote.

Sehemu kubwa ya historia hiyo ni wito wa marekebisho. Hii ni hatua ambayo mtengenezaji huyaita magari yake yarudi kwa wakala, baada ya kugundulika kasoro inayohatarisha usalama, ili yatengenezwe bila malipo. Wito haufutiki kwa sababu gari limepata mwenyewe mpya au limevuka mpaka. Kama halikutengenezwa, kasoro inasafiri nalo.

Gari lenyewe

Hellcat ya milango minne ilitangazwa mwaka 2014 na kuanza kuuzwa kama toleo la 2015. Ina injini ya V8 ya lita 6.2 yenye sapachaja, yaani pampu inayosukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini na kuiongezea nguvu. Injini hiyo inatoa nguvu za farasi 707, na nguvu yote inakwenda magurudumu ya nyuma kupitia gia otomatiki ya hatua 8.

Kwa mujibu wa mtengenezaji, mwendo wake wa juu ni maili 204 kwa saa, yaani kilomita 328. Kwa kuwa gari lina uzito wa zaidi ya kilo 2,000, limewekewa breki za Brembo zenye diski za mbele za milimita 390, na magurudumu ya inchi 20. Toleo la Redeye, lililofuata mwaka 2021, lilifikia nguvu za farasi 797.

Gari hutoka kiwandani na funguo za rangi mbili. Mwekundu unafungulia nguvu zote, na mweusi unaizuia injini isizidi nguvu za farasi 500. Mnunuzi ahakikishe anakabidhiwa zote mbili. Kuhusu mafuta, vipimo vya serikali ya Marekani vinaonyesha kuwa toleo la mwanzo linatumia takriban lita 18 kwa kilomita 100 mjini, na linahitaji petroli ya daraja la juu.

Wito wa marekebisho

Jina la Charger limeguswa na wito nyingi, na kila moja ina miaka yake. Zifuatazo ni baadhi ya kubwa.

Julai 2015: Magari milioni 1.4 ya kundi la Fiat Chrysler yaliitwa nchini Marekani, zikiwemo Charger za 2015 zenye kioo kikubwa cha kugusa. Watafiti wawili walikuwa wameonyesha kuwa Jeep Cherokee inaweza kuingiliwa na kuendeshwa kutoka mbali kupitia mtandao wa simu. Dawa yake ilikuwa programu mpya.

Aprili 2016: Zaidi ya magari milioni 1.1 duniani yaliitwa, zikiwemo Charger za 2012 hadi 2014. Mkono wa gia ulikuwa unarudi katikati kila unapoachiwa, na baadhi ya madereva walishuka wakidhani gari limeegeshwa, kumbe linaweza kutembea.

Mei 2018: Magari milioni 4.8 yaliitwa Marekani, Charger zikiwemo. Hitilafu ya umeme ingeweza kuuzuia mfumo wa kushikilia mwendo usizimike dereva anapotaka. Wenye magari walishauriwa wasiutumie mfumo huo hadi programu ibadilishwe.

Mwaka 2024: Takriban magari 285,000 aina ya Charger na Chrysler 300 ya 2018 hadi 2021 yaliitwa Marekani, kwa sababu vijazio vya mifuko ya hewa ya pembeni vingeweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma.

Onyo kali zaidi

Onyo lililo zito kuliko yote linahusu magari ya zamani, ambayo ndiyo yenye bei nafuu. Novemba 2022, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, pamoja na mtengenezaji, waliwataka wenye magari 276,000 waache kabisa kuyaendesha. Haya ni Dodge Magnum, Challenger na Charger pamoja na Chrysler 300 ya miaka ya 2005 hadi 2010 ambayo mifuko ya hewa ya Takata haikuwa imebadilishwa. Onyo lilitolewa baada ya watu kufa. Charger SRT8 ya nguvu za farasi 425 ni ya miaka hiyo hiyo.

Baruti inayojaza mifuko hiyo huharibika kadiri miaka inavyopita, na joto pamoja na unyevu huharakisha uharibifu. Gari lililokaa miaka mingi katika pwani ya Ghuba limekutana na yote mawili.

Afanye nini mnunuzi

Charger hutengenezwa kwa usukani wa kushoto. Kenya hairuhusu kuingiza magari ya kawaida ya namna hiyo. Kwa hiyo suala hili linawahusu zaidi wanunuzi wa Kongo, Rwanda na Burundi, ambako magari hupita upande wa kulia, pamoja na Waswahili waishio Marekani na Ghuba.

Sheria ya shirikisho ya Marekani haimkatazi muuzaji wa magari yaliyotumika kuuza gari ambalo wito wake haujatekelezwa. Kazi ya kuchunguza inabaki kwa mnunuzi, na ni ya dakika chache. Aombe namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, kisha aiingize katika tovuti ya NHTSA, bila malipo, kwa gari lililouzwa Marekani. Akikuta wito uliobaki wazi, amtake muuzaji alipeleke gari kwa wakala kabla ya kulipakia melini.

Gari likishafika mahali pasipo na wakala wa Dodge, marekebisho yaliyokuwa bure yanaweza kugeuka gharama ya mnunuzi, na vipuri vyake vitaagizwa kutoka mbali. Muuzaji anayekataa kutoa namba ya chesisi kabla ya malipo, ni heri kumwacha na gari lake.